Mashine Mbili na Mkono wa Kulia wa Baba

Kaka yangu ana imani moja tu maishani: kitu chema ni kizito. Ni mchimbaji wa Nyarugusu, na anasema huko duarani, kwenye shimo la dhahabu, jiwe lenye mali unalijua kabla halijasagwa, kwa kulipima kiganjani huku umefumba macho. Tabia hiyo imemfuata mpaka sokoni. Tikiti analipima kiganjani, viatu anavipima kiganjani, na nina wasiwasi hata wifi yangu alipimwa, maana si mwepesi yule.

Kwa hiyo alipofika nyumbani kwa wazazi wetu Shinyanga na mashine mbili za gemu za mkononi, sikushangaa kumkuta amesimama katikati ya sebule, macho kafumba, kila kiganja na mashine yake.

"Hii," akasema, akiinua ile nyeusi. "Hii ndiyo yenyewe. Hiyo nyingine ni makapi."

Makapi hayo ndiyo niliyoyataka mimi. Ilikuwa mashine nyembamba yenye vishikio viwili, cha bluu kushoto na chekundu kulia, na vishikio vyenyewe vinachomoka, kioo kikabaki kimesimama peke yake. Ile nyeusi haikuchomoka kitu. Ilikuwa pana, imara, ukiiangusha unaogopea sakafu. Mfanyabiashara mmoja wa Kahama, rafiki wa kaka, alituachia zote mbili tuzijaribu, ila ikifika Jumatatu, mojawapo irudi dukani bila mkwaruzo.

Wala hazikuwa zetu. Zilikuwa za baba, au tuseme za mkono wake wa kulia.

Kiharusi kilimpiga baba mwanzoni mwa kiangazi. Mguu ulirudi, kwa msaada wa fimbo. Ulimi haukuondoka hata siku moja, ingawa kuna nyakati tulitamani nao upumzike kidogo. Mkono ndio uliobaki umelala. Kila asubuhi kaka akiwapo alimvalisha shati, na kila alipouinua mkono ule alishusha pumzi. Ndicho kitu kizito pekee ambacho sikuwahi kumsikia akikisifu.

Dada wa mazoezi ya viungo hospitalini alimpa baba mpira laini wa kuminya. Baba akawarushia kuku. Kwa mkono wa kushoto, bila shaka. "Mimi nimeendesha gari la mgodi Buzwagi," alisema, "gari ambalo tairi lake tu linamzidi mama yenu urefu, leo mnanipa mpira wa mtoto mchanga?" Yule dada hakucheka. Alituita pembeni akatuambia tumtafutie kitu anachokipenda, chochote kile kitakachomlazimisha kutumia vidole, kwa sababu vikikakamaa ndiyo basi tena. Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu ambayo sikuwa nayo hata siku ile aliyoanguka.

Gemu lilikuwa wazo langu. Kaka alilidakia, kisha akaliharibu kwa kuleta mashine mbili.

Mashine nyeusi ilikuwa na gemu la malori. Tuliiweka juu ya mto mapajani mwa baba, naye akaondoka. Simaanishi alisimama, namaanisha aliondoka kabisa pale sebuleni, akaenda zake milimani na lori la mizigo, akipiga honi kwa mdomo. Alitukana madereva wasiokuwapo. Siku nzima hakutaka chakula mpaka amfikishie mteja saruji yake. Kaka akanitazama kwa kiburi cha mtu aliyepata dhahabu kwenye kifusi cha mwenzake.

Mimi nilimtazama baba. Nikauona mkono wa kushoto ukigeuza usukani, ukivuka juu kwenda upande wa pili kukanyaga mafuta, ukirudi mbio kushika breki, ukifanya kazi ya mikono miwili kama mama wa mapacha. Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya mto kama mgeni aliyekuja kula tu.

"Baba," nikamnong'oneza. "Unatuibia."

Hakuona haya hata kidogo. Aliangalia mlangoni, akaona kaka hayupo. "Ng'wanawane, mwanangu," akaniambia, "jioni tunachinja kuku. Firigisi yangu utakula wewe. Basi, umeona nini?"

Firigisi ya baba! Nyumbani kwetu hakuna mtoto aliyewahi kuila. Tulikua tukiisindikiza kwa macho tu mpaka inaingia mdomoni mwake. Nikamwambia sijaona kitu. Jioni nikaila, tena taratibu, kaka akinitolea macho. Kisha nikaenda jikoni kuosha vyombo na mama, nikamweleza kila kitu.

"Gashinaga!" mama akasema. Kumbe! Aliendelea kusugua sufuria mahali ambapo pameshatakata. Mama akipiga kelele hakuna hatari. Akinyamaza, mwenye akili ahame.

Sebuleni mimi na kaka tukazozana kuhusu mashine mpaka baba akagonga fimbo sakafuni. Ujanani mwake alicheza ngoma upande wa Bagalu, na mpaka leo hajawasamehe Bagika, wapinzani wao, akiwemo baba mkwe wake marehemu. Ngoma zile hazina mwamuzi. Makundi mawili yanacheza wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji wanakwenda wanakotaka, wakichoshwa wanahama. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Hapo ndipo kila kundi linapotafuta dawa ya kuvuta watu.

"Kesho, watu wakitoka kanisani," baba akasema. "Mmoja mashariki mwa ua, mmoja magharibi. Majirani wachague kwa miguu yao."

Lilisikika kama neno la haki. Lakini baba anamjua mwanawe kwa kelele, na alijua mashine gani itashinda: ile ya kuchezea mkono mmoja.

Nami nikatafuta dawa. Alfajiri nilichemsha sufuria kubwa la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikayachanganya na karanga. Watu walipotoka kanisani, harufu iliwapokea barabarani. Wanakwaya waliingia na sare zao, vijana wa bodaboda wakazima pikipiki, na fundi cherehani wa jirani akaja na wateja wake. Wote kwangu. Kaka alibaki magharibi peke yake, amevaa kofia ya duarani na taa imewashwa saa sita mchana, akionyesha gemu kwa mbuzi wetu mmoja.

Nilijisikia mkubwa. Nilijisikia mkubwa mpaka nilipogusa kitako cha sufuria.

"Wabeja, dada," mwanakwaya mmoja akanishukuru, akaondoka na bakuli langu. Hapohapo kaka akawasha spika aliyoiazima kwa mtu wa matangazo, akaanza kujigaragaza vumbini kama wachezaji wa zamani. Watu wakanikimbia midomo ikiwa bado imejaa karanga zangu. Sijawahi kuona utovu wa shukrani wa namna ile.

"Njooni muone kitu kizito!" kaka akapaza sauti, akampa fundi cherehani mashine nyeusi. Fundi akafumba macho, akaipima kiganjani. "Ee, ina mali hii," akasema, akampa wa bodaboda. Wa bodaboda naye akafumba macho. Ikazunguka hivyo mkono kwa mkono, kila mtu akiipima na kutikisa kichwa, wala hakuna aliyekumbuka kuiwasha.

Nilikuwa nimeketi na mashine yangu nikinuna mama alipokuja akifuta mikono kwenye kanga.

"Yako imekosa watu?"

"Imekosa."

"Nipe basi."

Akaichukua mpaka kwenye kivuli cha ukuta, alipokuwa ameketi baba kama mgeni rasmi. Akasimamisha kioo juu ya kigoda. Akachomoa kishikio cha bluu, akakitia mkononi mwake. Akachomoa chekundu, akakiweka kwenye kiganja cha kulia cha baba, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja mpaka vikakishika. Mkono wa kushoto ulipoanza kunyemelea, mama akaudaka, akaupakata mapajani mwake.

Baba aliruka kama ameungua. Wazee wetu hawashikani mikono mbele za watu. "Mama, watu wanaona!"

"Waone. Firigisi imesema yote." Akanielekezea mdomo. Baba akaniangalia, nikaangalia mawingu. "Mgalu gani anaogopa watu?" mama akaendelea. "Au mliacha kucheza mlipoona sisi Bagika tumewazidi?"

Lilikuwa gemu la kupiga mpira kwa raketi. Kitufe kimoja tu: ukikibonyeza kwa kidole gumba mpira unarudi, usipokibonyeza umefungwa. Mama akafunga. Akajipigia kigelegele mwenyewe. Akafunga tena, akaimba wimbo wa kuwacheka Bagalu ambao sikujua kwamba anaujua. Jasho likamtoka baba. Alikitazama kidole chake kwa hasira, kama anamtazama mfanyakazi aliyelala zamuni.

Fundi cherehani ndiye wa kwanza kugeuka. Akaja, akasimama nyuma ya baba. "Mzee, shikamoo. Mbona unapigwa na mama?" Wakafuata wa bodaboda, kisha kwaya. Mtu akasema, "Mzee, amka!" Kigelegele kingine, mpira mwingine, na mara hii watu hawakucheka. Walikuwa wameshaelewa kinachochezwa pale.

Kidole gumba kilitetemeka. Kikatulia. Kisha kikashuka, polepole, kikabonyeza.

Mpira ukarudi kwa mama, naye hakuupiga. Hakuwa akitazama kioo. Alikuwa akitazama kidole kile, na amejiziba mdomo kwa kanga.

Ua mzima ukalipuka. Baba akainua kichwa, akazungusha macho, akawaona watu wamemzunguka pande zote. Mashariki kulibaki sufuria tupu, magharibi kulibaki mbuzi. "Hesabuni wenyewe," akasema. "Hesabuni watu wa nani wengi." Nililia, na sikuusingizia moshi.

Kaka alizima spika. Akaja amechafuka vumbi mpaka kwenye kope, akachuchumaa mbele ya baba, akauchukua mkono wa kulia pamoja na kile kishikio chekundu, akauweka juu ya kiganja chake. Akafumba macho. Taa ya kofia ikammulika baba kifuani.

"Umekuwa mwepesi," akasema.

"Niachie mkono wangu," baba akamjibu. "Mama yako anapiga."