Kahawa Iliyotambaa

Nilirudi kutoka Kasongo na breve, cheti changu cha mafunzo, ndani ya plastiki, nimeificha kifuani chini ya shati ili mvua isiiguse. Breve ilisema kwamba mimi, mwalimu wa shule ya msingi huku Kabambare, nimehitimu kuunganisha kahawa. Yalikuwa mafunzo ya siku mbili. Siku ya kwanza yote ililiwa na kutambulishana: mkubwa alisimama akamtambulisha mkubwa mwenzake, naye akasimama kumshukuru, nasi wakulima tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Siku ya pili agronomu, bwana shamba mwenyewe, alikuja na buti za mpira ambazo hazijawahi kuona tope, nikajua tumekwisha. Nilikosea. Alifundisha vizuri sana, na yaliyofuata hayakuwa kosa lake.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unapanda mbegu za kahawa yenye mizizi migumu, ile ambayo minyoo ya udongoni haiiwezi. Mche ukifika unene wa penseli unaukata juu na kuupasua katikati. Kisha unachonga kijiti cha kahawa inayozaa vizuri, unakichomeka kwenye ule ufa, unafunga kwa utepe wa plastiki na kufunika kwa kifuko. Lakini, agronomu akainua kidole, kijiti kitoke kwenye tawi linalosimama wima, kichwani mwa mti. Ukichukua tawi la ubavuni, kijiti kitashika, kitatoa majani, kitapendeza machoni, ila hakitasimama maisha yake yote. Kitakwenda pembeni, kama kilivyozoea huko kilikotoka. Niliyaandika hayo kwenye daftari nikayapigia mistari miwili kwa rula.

Niliyahitaji kuliko wote waliokuwa pale. Kilima chetu, baba alikiacha kimejaa kahawa. Baada ya kifo chake minyoo ilishambulia mizizi, miti ikageuka manjano, ukiusukuma mmoja kwa kidole unalala. Ilibaki michache tu kule juu. Mama anaishi kwa kilima hicho, lakini mwenye neno la mwisho ni baba mkubwa, kaka yake marehemu, mwenye duka la sabuni na vipuri vya baiskeli Kasongo. Naye alikuwa ameshapata mtu wa kumpa: mfanyabiashara wa Salamabila aliyesikia kwamba chini ya kahawa yetu kuna dhahabu.

"Nakupa mvua mbili," alimwambia mama. "Kahawa ikisimama, ukae. Isiposimama, batu ya zahabu bataingia."

Sasa niieleze ile miti michache ya juu. Katika ukoo wetu mtoto akizaliwa, kitovu chake huzikwa chini ya mche wa kahawa. Babu ndiye aliyeanzisha. Wazungu walimlazimisha kupanda kahawa kwa kiboko, naye akaona kama ni lazima apande, basi apande na watoto wake humo humo, ili miti iwalinde. Tangu hapo mti wako ni wewe. Ukistawi, watu wanakukopa. Ukinyauka, wanakuja kukutazama usoni na kukuuliza unakula vizuri? Na hakuna anayekata kichwa cha mti wa mtu aliye hai. Matawi ya ubavuni kata upendavyo, hiyo ni mikono tu.

Baba mkubwa, siku zote, aliyaita mambo hayo ushirikina. Kila alipokuja alituhubiria kwa sauti ya dukani, ile ya kumwambia mteja kwamba bei ni ya mwisho. Mimi nilikuwa upande wake. Mimi ni mtu wa shule, jamani, nina picha ya mwili wa binadamu ukutani darasani, na hakuna kahawa ndani yake.

Mti wangu ndio uliokuwa unazaa kuliko yote iliyobaki. Miche niliyopanda kitaluni ilipofika unene wa penseli, nilisimama mbele ya mti huo na kisu. Kichwani matawi manene yamesimama wima, kama vile yalivyochorwa ubaoni Kasongo. Nikanyoosha mkono, na shingo yangu ikaanza kuwasha. Nikaushusha mkono. Nikakata ubavuni.

"Agronomu alisema ukate wapi?" mama aliuliza kutoka chini.

"Popote," nikajibu.

Neno moja tu, na nililitoa bila hata kupepesa macho. Nilihamia kwenye miti ya wengine, nikakata ubavuni huko pia, maana nikiwakata wao vichwa nikijiacha mwenyewe, hata punda angeuliza. Miche zaidi ya mia. Vijiti vyote vikashika. Kijiji kizima kilikuja kutazama, nikawaeleza habari za utomvu na ganda kwa maneno ya Kifaransa ambayo hata mimi sikuyaelewa sawasawa.

Mvua ya pili ilipoanza tulihamishia miche kilimani. Ikakua. Ikakua kwenda kushoto, ikakua kwenda kulia. Mmoja uliuvuka mstari ukamsalimu jirani yake. Niliichomekea fito za kuiegemeza, ikaegemea, na nilipoziondoa ikarudi kulala. Wapita njia hawakuwa na huruma.

"Mwalimu, ile ni kahawa ao ni viazi?"

"Iko nalala. Muache ipumzike, imetoka mbali."

"Ni ya Kasongo ile. Ya kule haisimamie mutu wa kijiji."

Nikajitia hamnazo. Nilisema ni upepo, nikasema ni udongo, nikafika hata kumsingizia agronomu, Mungu anisamehe. Mama alikuwa anapita kati ya mistari akiinua kichwa cha mche mmoja mmoja kwa vidole viwili, kisha anakiachia. Nilimtazama siku tatu. Siku ya nne sikuweza tena. Zilikuwa zimebaki wiki chache baba mkubwa aje. Nilimwambia yote: daftari, mistari miwili, shingo.

Nilitegemea matusi. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Muti wako?" alisema. "Muti wako ulikufa wewe ungali unanyonya! Mbuzi ilikula. Niliogopa bibi yako ataniambia mi niko mulozi, nikapanda ingine usiku ule ule. Na ile nayo ikakauka. Ile unaona ni ya tatu, ilijiotea yenyewe."

Nilikuwa nimekilaza kilima kizima kwa ajili ya mti usionijua.

Hakunipa nafasi ya kuhuzunika. Alichukua kisu, akapanda juu, akaukata kichwa mbele yangu, na nakiri kwamba nilishika shingo hata hivyo. Matawi ya wima tuliyopata yalitosha miche michache. Miti mingine hatukuigusa. Wenyewe walikuwa hai na majirani walikuwa macho.

Basi baba mkubwa akafika, nyuma ya pikipiki, na yule wa Salamabila nyuma ya pikipiki nyingine. Alitazama kahawa iliyotandazwa kilimani kama mkeka. Hakuficha furaha yake.

"Nilisema isimame," alisema. "Iko imesimama hii?"

Majirani walikuwa wameshajaa. Mgeni akaonyesha kwa fimbo: wataanzia hapa, watageuza udongo mpaka pale, juu chini. Baba mkubwa aliitikia kila fimbo ilipopita. Fimbo ilipofika kileleni, akakohoa.

"Isipokuwa ule muti moja," alisema.

"Muti gani?"

"Ule. Mutauzunguka."

Mgeni akacheka, akadhani ni utani. Ule mti, ulioota juu ya kitovu cha baba mkubwa tangu zamani za babu, ulikuwa katikati kabisa ya mahali alipotaka kuchimba. Mama alikuwa ameshauona uso wa shemeji yake. Akapita kati yao, kisu mkononi, mpaka chini ya mti, akavuta tawi la kichwani likainama.

"Shemeji, kabla batu bageuze, niachie nikate kichwa kidogo tu. Niko natafuta vijiti."

"Acha!"

"Ni ushirikina, si ulisema?"

"Acha, nakuambia! Usiguse kichwa!"

"Kichwa unakataa. Na mizizi je? Bale bataing'oa na nini, na dua?"

Mhubiri wetu alikuwa ameukumbatia mti, kofia imeanguka, na watu wanaziba midomo kwa mikono. Mama hakuliachia tawi mpaka baba mkubwa alipotamka mbele ya wote kwamba kilima hakitatoka mikononi mwa mama maadamu yeye mzee yu hai. Mgeni aliwasha pikipiki yake bila kuaga. Tangu siku hiyo mama humwombea shemeji yake afya katika kila swala, na simjui mtu anayeombewa kwa moyo kuliko yeye.

Mimi nilicheka siku nzima. Jioni mama alikuwa anafunga utepe kwenye mche mpya, mimi nashika kijiti, na nikaanza tena kuigiza jinsi mzee alivyoukumbatia mti.

"Unacheka nini?" aliniuliza, hakuinua macho. "Yeye aliogopa mbele ya batu, na kwa woga wake niko na shamba. Wewe uliogopa ukanificha kweli mvua mbili. Kama yeye hakuogopa, leo ningelala wapi?"

Nilimshikia kijiti wima, naye akakaza utepe.