Kicheko Nyumbani kwa Kizuka

Barua hii imetoka Garsen. Mwenyewe ameomba jina lake libaki kwetu. Someni mpaka mwisho, kisha mumjibu.

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa upande wa Kipini, niliyeolewa Garsen. Nina watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Mume wangu alifariki baada ya zile mvua kubwa, gari lake liliposombwa na maji njia ya Hola. Sasa niko kwenye eda, zimebaki siku nane nitoke. Siku hiyo hiyo wazee wa upande wa mume wataketi kuamua kama nitabaki na wanangu au nitarudishwa kwetu peke yangu. Kosa langu ni kwamba nilicheka.

Msinihukumu mbio. Mume wangu alikuwa dereva wa mhandisi mmoja Mzungu aliyekuja kupima barabara. Yule Mzungu alikuwa na kaseti ya bendi ya kwao, iliyorekodiwa ukumbini mbele ya watu. Muziki wenyewe ni wa kizamani, mume wangu akiuita swingi, muziki wa babu zao: fidla, gitaa, na lile gitaa kubwa linalopigwa limesimama wima, linanguruma. Siwafichi, niliupenda. Nilikuwa nasonga ugali mabega yanacheza yenyewe. Lakini utamu hasa ni mwimbaji. Kila wimbo ukiisha anapiga domo, ukumbi mzima unaangua kicheko, wanaume wanapiga miluzi na kugonga meza. Mimi Kizungu sijui hata cha kuombea maji. Basi mhandisi alipokaribia kuondoka, mume wangu aliazima kaseti na redio yake, akaweka redio yetu kando ikirekodi, akasimama hapo akinieleza kila mzaha kwa Kiswahili. Kaseti yetu ina vyote hivyo pamoja, na sauti yake imo.

Miezi mitatu ya eda sikuigusa. Najua kizuka, mjane aliye edani, hakai na muziki, na hilo nimeshamwomba Mungu msamaha. Lakini alasiri moja nilishindwa. Nilikuwa nimeanza kuisahau sauti yake, wallahi, sura naiona lakini sauti haiji. Nikaanika betri juani zikapata nguvu kidogo, nikafunga mlango wa mbele, nikaiweka. Ulipofika wimbo wa bibi kizee mchoyo, aliyeficha sukari mpaka mwenyewe akasahau alikoiweka, mume wangu akaanza kumwigiza mamake, na mimi nikacheka mpaka nikajishika mbavu. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka.

Wifi yangu alikuwa akiniletea maziwa. Akiwa nje ya ukuta wetu wa udongo akasikia wanaume wanacheka na kupiga miluzi nyumbani kwa mjane wa nduguye, na mimi nacheka nao. Akaenda kumwita mamake. Niliposikia hodi nilizima redio nikaisukuma chini ya kitanda, kwa haya tu. Wakaingia wakaukuta mlango wa uani wazi, na mimi macho mekundu, kicheko hakijanitoka usoni. Wifi akauliza hao wanaume wametorokea wapi. Nikasema ni kaseti. Akasema basi niiweke wasikie. Nikajibu betri zimekwisha, na uongo huo ndio ulionimaliza.

Nilidanganya kwa sababu mavyaa wangu, mamake marehemu, alikuwa amesimama pale, na najua kinachofuata kwenye kaseti. Akishamaliza kumwigiza, mume wangu anasema hivi: "Mama nampenda, lakini siku mbili naye zanitosha. Wadhani safari za Hola natumwa? Naziomba mwenyewe, nikapumue." Kisha anacheka mpaka anakohoa.

Safari ya Hola ndiyo iliyomuua. Mavyaa anaamini alitumwa, na kila asubuhi anawalaani wakubwa wa kazi waliompeleka mwanawe kwenye maji. Sukari anaficha kweli, lakini siku maiti ilipoletwa ni yeye aliyenilaza mapajani mwake mpaka kukacha. Nitamwambiaje kwamba mwanawe alikuwa akimkimbia yeye?

Baba mdogo wa marehemu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, amesema kama ni kaseti kweli niilete, isikilizwe yote, pande zote mbili, mbele ya wazee na mavyaa akiwepo. Nilimwomba aisikilize peke yake kwanza. Akakataa, akasema siri ya mjane na mzee mmoja ni aibu nyingine.

Nimefikiria kufuta mahali pale. Mara mbili nimeweka kidole kwenye kitufe cha kurekodi. Lakini kicheko alichosikia wifi kiko hapo hapo, nikikifuta nitathibitisha nini? Tena kwingine kote mume wangu anaeleza tu. Hapo ndipo pekee anapocheka, na mtoto wangu huyu anayenyonya hatakuwa na njia nyingine ya kumsikia babake akicheka.

Jana mavyaa alikuja peke yake. Hakuniangalia, alikaa kizingitini akichezea upindo wa leso yake. Akaniuliza kama ni kweli sauti ya mwanawe imo kwenye hiyo kaseti. Nikaitikia kwa kichwa.

Akasema, "Niwekee, mwanangu. Mimi pia nimeanza kuisahau."

Nikamwambia betri bado. Akasema atanunua mpya, anajua zinakouzwa.

Wasomaji, ninyi wenye mama na wenye watoto, akili yangu imefika mwisho. Zimebaki siku nane, na betri zenyewe zishaletwa, ziko hapa mezani. Niambieni, niiweke aisikie au niifute?