Nafasi Aliyoiacha Apolline

Simu ilimkuta Bertille Vuillemin jikoni kwa mama yake, mwisho wa Agosti, mikono ikinata utomvu wa plamu. Kila mwaka majira hayo mama yake, Edwige, huoka keki za mirabeli, zile plamu ndogo za manjano, akawagawia jamaa wote wa mji wao mdogo, Lure, na kazi ya kutoa kokwa haina mwingine isipokuwa Bertille. Aliinyanyua simu kwa vidole viwili, akaibana kati ya sikio na bega.

"Ndiye mimi," alisema. Akasikiliza, akasema, "Ndiyo." Akasema tena, "Ndiyo, nimesikia. Ndiyo."

Mama yake aliacha kukanda unga. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Kuna mtu amejitoa. Wananiita Paris."

Edwige alikaa kwenye stuli, unga ukiwa bado mikononi.

Kwa watu wa nyumba ile maneno hayo hayakuhitaji maelezo. Bertille alikuwa amesoma darasa la matayarisho kule Besançon, yale madarasa ambayo kijana huingia na mashavu yake na kutoka bila mashavu, kisa kujiandaa kwa mtihani wa kuingia Shule Kuu ya Paris. Mara ya kwanza alianguka. Akarudia mwaka, akaufanya tena. Mwezi wa Julai matokeo yalipotoka, jina lake halikuwa kwa waliochukuliwa wala kwa waliotupwa. Lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya akiba. Akalia siku yake, akajifuta, akajiandikisha chuo kikuu cha Besançon, akatafuta chumba, na alikuwa ameshaanza kukipenda chumba hicho.

Baba yake, Régis, dereva wa basi la shule, alirudi jioni akaambiwa habari akiwa bado amesimama mlangoni.

"Na ada?"

"Hakuna ada, baba. Wao ndio watakaonilipa. Tunahesabiwa kama watumishi wa serikali."

"Wakulipe? Ili usome?"

"Ndiyo."

"Nami nimezeeka kwenye usukani kama zuzu, kumbe watu wanalipwa kwa kukaa kwenye dawati!" Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema anakwenda kutazama nyanya zake bustanini, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Edwige alipotaka kumwita, Bertille alimzuia.

Alipofika Paris wenzake walikuwa wameshamaliza siku za kufahamiana. Walikuwa na utani wao tayari, na nyimbo zao, na majina ya kupachikana. Wengi walitoka shule mbili tatu za palepale mjini, wamejuana tangu utotoni. Bertille alibeba sinia lake la chakula kantini, akatafuta pa kukaa, akaketi mwisho wa meza ya wanafunzi wenzake wa fizikia.

Kijana mmoja mrefu mwenye skafu alimgeukia. Jina lake Anselme Rochegude.

"Wewe ndiye wa orodha ya akiba, yule wa kutoka Lure?"

"Ndiye mimi."

"Aa. Basi hapo umekalia kiti cha Apolline."

Bertille akadhani amekosea mahali pa kukaa, akainuka nusu. Meza nzima ikacheka.

"Kaa, kaa, bibie. Nasema kiti cha shuleni. Apolline Garrigou tulisoma naye darasa moja. Alitoka wa tatu nchi nzima, halafu zikabaki siku chache tuingie, akaandika kwamba haji. Wa tatu katoka, wakatuchomekea wa mkiani."

"Anselme, acha hizo," alisema mmoja.

"Si nasema ukweli? Au vipi, Lure?"

Bertille naye alicheka pamoja nao. Kicheko kile ndicho kilichomuuma baadaye kuliko maneno yenyewe.

Tangu hapo jina la Apolline lilimkaa kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Kule Besançon, Bertille ndiye aliyekuwa akiwaeleza wenzake kile mwalimu alichoshindwa kukieleza. Huku watu waliuliza maswali juu ya mambo ambayo mwalimu hajayafikia bado, na mwalimu akafurahi, akawajibu kana kwamba wako watu watatu tu darasani. Bertille akaacha kunyoosha mkono. Kila alipopitwa na jambo alijiambia, Apolline angelielewa hili. Kila alipolielewa alijiambia, Apolline angelielewa jana. Alimjengea yule msichana asiyemjua uso, sauti, hata namna ya kukaa.

Nyumbani alipopigiwa simu alisema yuko salama. "Unakula?" mama yake aliuliza. "Nakula." "Unakula nini?" Hapo ndipo uongo ulipomshinda, maana kwa mambo ya chakula Edwige hadanganyiki. Jumatatu iliyofuata kifurushi kilifika, kimejaa soseji za moshi na jibini inayonuka mpaka jirani wa chumba akagonga ukuta.

Mtihani wa Januari ulimwendea vibaya. Aliitwa na msimamizi wake, Profesa Thouvenot, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuza samaki, ambaye kazi yake maishani ni kuchunguza jinsi udongo unavyopasuka ukikauka.

"Kaa," alisema profesa. Alikuwa na karatasi za Bertille mbele yake. "Nini hiki?"

"Ni mtihani wangu, Madamu."

"Nimeona kwamba ni mtihani. Nauliza haya makorokoro. Hapa umeandika jibu sahihi, ukalifuta. Hapa tena. Ukurasa huu umeanza vizuri kuliko wenzako wote, katikati ukapiga mstari, ukaandika upuuzi. Ulikuwa unaumwa?"

Bertille alijikaza, akajikaza, kisha ikamtoka: "Nafasi hii si yangu, Madamu. Ilikuwa ya mtu mwingine. Mtu bora kuliko mimi."

"Nani kakwambia?"

"Orodha."

"Mimi sisomi orodha, mwanangu, nasoma kazi. Na hapa nasoma kazi ya mtu anayeomba radhi kwa kuwepo. Haikunifurahisha." Alizikunja karatasi, akampa. "Jumatatu njoo maabara. Vaa nguo usizozipenda, utarudi na matope."

Maabara ilikuwa chini ya ardhi, joto, ikinukia mvua. Masinia ya udongo wa mfinyanzi yalipangwa chini ya taa, na juu ya kila sinia kamera inayopiga picha polepole. Kazi ya Bertille ilikuwa kuuchanganya udongo, kuusawazisha, kuutazama ukikauka. Alidhani atachoka. Kumbe alipenda. Ufa wa kwanza ukifunguka hutoa mlio mdogo, tik, na yeye alikuwa akiinua kichwa kila mara kama mtu aliyeitwa jina. Pale hapakuwa na wa tatu wala wa mkiani.

Lakini akitoka juu, kwenye ua, punje ilikuwa bado kiatuni. Siku moja alimkuta Anselme peke yake ukingoni mwa bwawa la uani, akiwatupia samaki wekundu makombo ya mkate.

"Apolline yuko wapi siku hizi?" alimuuliza.

Anselme hakutia utani. "Tours. Anasomea uuguzi." Akatupa mkate wote uliobaki kwa mpigo mmoja. "Hajibu jumbe zangu, hata namba amebadilisha. Tulikaa dawati moja miaka miwili, tukapanga mambo yote, chumba, maabara, kila kitu. Nikasikia kwa watu kwamba haji. Kwa watu, Lure! Hata kwaheri sikupewa."

Bertille akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akafahamu kwamba yale makali ya kantini hayakumlenga yeye. Yalikuwa ya Apolline, yakamkosa, yakamwangukia aliyekuja kukaa mahali pake.

Siku hiyohiyo alitafuta barua pepe ya Apolline kwenye tovuti ya shule ya uuguzi ya Tours, akamwandikia. Hakujua aseme nini, akasema lililo kweli: kwamba yeye ndiye aliyechukuliwa badala yake, na angependa kumwona. Jibu lilikuja kabla hajaufunga mlango wa chumba. "Njoo Jumamosi. Vaa viatu vya kutembea."

Kituoni Tours alisubiriwa na msichana mnene kidogo, mchangamfu, nywele fupi, mikono imebabuka kwa dawa za kunawia za hospitali. Hakufanana hata kidogo na yule aliyejengwa kichwani mwa Bertille. Walishuka kuufuata mto Loire, upepo ukiwachapa mashavu.

"Haya, sema," alisema Apolline. "Umetoka Paris kuja kunitazama. Nikoje?"

"Nilidhani wewe mrefu."

Apolline aliangua kicheko. "Anselme ndiye aliyenirefusha, ee?"

"Kwa nini uliondoka?"

"Nilikuwa nikifungua kitabu cha hesabu natapika. Si mfano, dada, natapika kweli. Mama alidhani nina mimba. Nilifanya ule mtihani kama mtu anayekimbizwa na mbwa, na mtu anayekimbizwa hukimbia vizuri sana. Mbwa alipotoweka, nikakuta sina haja ya kukimbia tena."

Walipita chini ya daraja, Bertille akauliza:

"Na sasa?"

"Sasa nawafunga watu vidonda, nalala usingizi. Siku nyingine nalia, maana wapo wanaokufa. Lakini sitapiki."

Bertille alisimama. "Mimi nimekuja... sijui. Nilitaka kukwambia kwamba kama utataka kurudi, mimi nitaondoka."

Apolline alimwangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa anayedai hana homa. "Wewe umechanganyikiwa? Mimi sikukuachia zawadi. Niliinuka nikaenda zangu, sikuwaza nani atakuja. Ungekuwa mbuzi, wangekuchukua? Wamekuchukua wewe, kwa mtihani ulioufanya mwenyewe. Usinibebeshe mimi. Nina wagonjwa wa kubeba." Kisha sauti ikalainika. "Twende tukale, nasikia njaa. Niambie unasoma nini huko."

Kwenye mkahawa mdogo, mbele ya sahani za dengu, soseji na jibini, Bertille alieleza habari za udongo. Alianza kwa kusitasita, akajisahau, akachora nyufa kwa uma kwenye ukoko wa jibini. Apolline aliacha kula.

"Na ukiulowesha tena?" aliuliza.

"Nini?"

"Ukikauka ukapasuka, ukaulowesha ukawa sawa, ukakauka tena. Utapasuka palepale au pengine?"

Bertille aliweka uma chini. "Sijui."

"Aa," alisema Apolline, akarudia dengu zake. "Mimi vidonda vyangu vingine vinafunguka palepale, vingine la. Ndiyo maana nimeuliza."

Kwenye treni ya kurudi Bertille hakumfikiria Apolline kabisa. Alifikiria maji. Kiasi gani, kwa muda gani, yamwagwe au yanyunyizwe. Jumatatu alikuwa maabara kabla ya profesa. Thouvenot alimsikiliza akiwa bado na koti lake la mvua, akasema, "Wapo waliojaribu jambo la karibu na hilo, hawakufika mbali. Jaribu. Ukiharibu, utakuwa umeharibu udongo tu."

Aliharibu mwingi. Aliumwaga, akauanza upya. Masika yakamkuta chini ya ardhi. Baadhi ya masinia yalipasuka palepale kana kwamba hayajawahi kuguswa na maji, mengine yakapasuka pengine kabisa, na kwa muda mrefu hakuona sababu. Mwisho aliona kwamba jambo kubwa lilikuwa muda wa kulowa. Udongo uliolowa kwa muda mfupi ulikuwa sawa kwa macho tu. Uliolowa vya kutosha ndio uliosahau nyufa zake, ukapasuka pengine. Alimpigia Apolline kumweleza, wakabishana kwa simu mpaka Apolline akaitwa wodini. Bertille alipomwambia kwamba atalitaja jina lake mbele ya watu, alijibiwa, "Thubutu! Mimi niliuliza swali nikiwa na njaa. Kazi umefanya wewe."

Mwezi wa Juni kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza husimama mbele ya maprofesa na wenzake kueleza alichokichunguza. Régis na Edwige walikuja kutoka Lure, wakakaa nyuma kabisa, Edwige na mkoba mapajani, Régis na tai iliyokuwa ikimnyonga. Bertille alieleza. Alipoonyesha picha za ufa ukirudi palepale, ukumbi ulinong'ona. Maswali yakaanza, na wa pili kuuliza alikuwa Anselme.

Swali lake lilikuwa gumu, na safari hii hakuwa na dhihaka. Alitaka kujua kama jambo lilelile lingetokea kwenye udongo mnene zaidi.

"Sijui," alisema Bertille. "Nina dhana, lakini sijaijaribu. Mwaka ujao."

Alikisikia mwenyewe alichosema: mwaka ujao. Profesa Thouvenot, mstari wa mbele, aliandika kitu, akatikisa kichwa kwa kukubali.

Uani, watu wakinywa divai kwenye vikombe vya karatasi, Régis alimkumbatia binti yake. "Sikuelewa kitu," alisema. "Lakini yule mrefu alipokuuliza, niliona hukutetemeka. Mimi ningetetemeka."

Yule mrefu alisubiri wazazi waende kuonja mikate, akasogea. "Ile picha ya tatu," alisema, "nimeipenda." Akazungusha kikombe mkononi. "Nasikia unazungumza na Apolline."

"Nazungumza naye."

"Nipe namba yake mpya."

"Sikupi. Nitamuuliza kwanza."

Bertille alijitenga na watu, akapiga simu. Aliporudi alikuwa akitabasamu.

"Anasema uende. Lakini ukimtajia hesabu kabla hujamsalimia mama yake, atakutosa mtoni."

Anselme alicheka, halafu uso ukabadilika, akatazama pembeni upesi. "Lini?"

"Kesho yuko zamu. Jumapili." Bertille akamkabidhi sahani ya mikate iliyokuwa ikimchosha mkono. "Na Anselme, vaa viatu vya kutembea."