Samaki wa Baba na Chumvi Isiyo na Mwenyewe

Siku kumi baada ya kumzika baba, chumvi ilianza kuzidi yenyewe katika maji ya samaki wake.

Baba alikuwa fundi saa. Alituachia koleo ndogo, miwani, na samaki mmoja wa baharini mwenye milia, ndani ya tangi la kioo sebuleni. Kwenye kioo alibandika utepe wenye mwandiko wake: maji yafike hapa.

Mama alimwita samaki yule mke mwenza. Kila asubuhi baba alimsalimia yeye kwanza, mama baadaye.

Nilichukua kazi ya kupima. Kipimo cha baba kina alama nyekundu ambayo chumvi haitakiwi kuipita. Jumatatu iliipita. Jumatano ikapaa. Ijumaa samaki akalala ubavu, anahema kama mtu aliyebeba godoro hadi ghorofa ya tano.

Nikaogopa. Katika vyote alivyoacha baba, ni yeye tu aliyekuwa anapumua.

"Mama anammaliza mwenzake," kaka akaninong'oneza.

"Chunga mdomo wako."

Lakini mchana nikajibanza nyuma ya pazia.

Mama akaingia, kikombe mkononi. "Umekonda, bibi wee," akamwambia samaki, akamimina.

Nikatoka. "Mama, unamwekea nini?"

"Maji ya chumvi. Yamepungua, huoni? Na wewe nyuma ya pazia unafanya nini?"

Kaka akatokea mlangoni na jagi la maji. Alipotuona akajifanya anakunywa. Akayatema zuliani.

Ya chumvi.

Na mimi je? Mimi nilikuwa natia kikombe changu cha maji ya chumvi kila asubuhi, nikishamaliza kupima, ili yafike kwenye utepe.

Nikampigia simu muuza samaki wa mapambo. Alicheka hadi akakohoa.

"Dada, maji hukauka, chumvi haiendi popote. Yakipungua, jazieni maji yaliyochujwa, yasiyo na chumvi. Na chumvi mwipunguze taratibu, msimshtue samaki."

Baba hakuandika ni maji gani.

Siku tatu tulichota na kujazia kidogo kidogo. Ya nne samaki akaogelea sawasawa, akagonga kioo kudai chakula.

"Lakini mama, si ulikuwa humpendi?"

"Simpendi. Ila akifa, asubuhi nitamnunia nani?"

Sasa mama ndiye anayeshika kipimo. Humsalimia samaki kwanza, sisi baadaye.

Mliofiwa, ulizaneni kabla ya kumimina.