Bega Lililokuwa Likinitoka Ngomani

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila ninapojipaka mafuta mkono huu wa kulia. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, kwetu Zuzu, mbishi kweli kweli. Mama alisema ubishi ule nimeurithi kwa baba. Baba, Mungu amrehemu, alisema kwa mama. Walibishana hivyo mpaka mwisho.

Nilikuwa mpiga muheme, ile ngoma ambayo sisi wanawake wa Kigogo tunaibana mapajani na kuipiga kwa viganja. Shangazi yangu Nyemo ndiye aliyeongoza kikundi chetu, na mimi aliniweka mbele kwa sababu niliurusha mkono juu na nyuma kuliko wenzangu wote. Watu walipiga vigelegele. "Huyo binti hana mfupa begani!" walisema, nami kichwa kikavimba.

Hawakujua wanachokisema. Mwaka uliotangulia nilikuwa nakimbiza ndama, nikajikwaa, nikaangukia mkono, bega likatoka. Baba mdogo Daudi alinilaza chini, akaweka kisigino kwapani mwangu, akavuta mkono kama anavyomvuta ndama ng'ombe anapozaa kwa shida. Likarudi. Hospitali sikwenda, kupumzika sikupumzika. Wiki iliyofuata nilikuwa kisimani nachota maji. Tangu hapo likawa linatoka lenyewe, mara nikianua nguo, mara nikijigeuza kitandani. Nikajifunza kulirudisha kwa kujiegemeza ukutani jikoni, meno nimeyauma, kisha natoka nikicheka kama hakuna kitu. Sikumwambia mtu. Shangazi angejua angenitoa mbele, na tulikuwa tumealikwa kupiga harusini Kongwa. Ujinga gani ule, jamani! Lakini ndivyo nilivyokuwa.

Basi tukaenda Kongwa. Wimbo wa pili tu, nimeurusha mkono, bega hilo, limetoka. Ngoma ikaanguka. Nikajitahidi kulirudisha, likakataa, na vidole vikaanza kufa ganzi kimoja kimoja. Hapo nilipiga yowe, sikujali tena nani ananiona. Baba mdogo Daudi akaja mbio, tayari anavua kiatu. Shangazi akasimama katikati yetu.

"Daudi, vaa kiatu chako. Huyu si ndama."

"Dada, ni kuvuta mara moja tu."

"Nimesema vaa kiatu." Kisha akanigeukia. "Limeshatoka mara ngapi?"

Nikaitazama ngoma yangu pale chini.

"Nakuuliza wewe!"

"Sijui, shangazi. Nimeacha kuhesabu."

Hakunipiga, na heri angenipiga. Alifungua kitenge chake, akaufunga mkono wangu kifuani vile vile ulivyokuwa, bila kuunyoosha, tukaiacha harusi tukatafuta gari la kwenda hospitali. Njiani ndipo aliposema: "Ngoma nitapata mwingine wa kuipiga. Mkono mwingine wa kukupa nitautoa wapi?"

Hospitali walinipiga picha, wakanichoma sindano ya maumivu, daktari akalirudisha taratibu, hata sikusikia likiingia. Baada ya muda vidole vikaanza kuchomachoma. Daktari akaniambia vichezeshe, nikavichezesha vyote vitano. Shangazi, mwanamke yule mkali, akakaa chini sakafuni akalia kwa furaha.

Siku ya pili akaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole. Alituambia kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na pale kinapokaa begani ni padogo, hapana kina, kama chungwa juu ya kisahani cha kikombe. Kinachokishikilia ni kano na misuli inayozunguka. Kila bega likitoka, kano zinachanika na kulegea zaidi, na ukilipata jambo hilo ukiwa kijana linapenda sana kujirudia. Kumbe ule ulegevu niliokuwa naringia ulikuwa jeraha!

"Nitapiga tena?" nikamuuliza.

"Ukinisikiliza, nadhani utapiga. Likiendelea kutoka, tutazungumza habari ya upasuaji, na hata huko mazoezi utayafanya."

Wiki tatu mkono ulikaa kwenye kitambaa shingoni. Kisha mazoezi: kipande cha tyubu ya baiskeli kimefungwa mlangoni, kiwiko kimebanwa ubavuni, vuta ndani, vuta nje, asubuhi na jioni. Yanachosha, sikufichi. Siku nyingi nilinuna, na shangazi alikuwa amekaa hapo hapo kwenye kigoda anachambua mboga, ananitazama. Siku moja, miezi imepita, nikanyanyua mkono kuchukua ungo juu ya kabati, nikaushusha, nikaendelea na kazi zangu. Nimeshapepeta nusu ya uwele ndipo nikagundua kwamba sikuogopa. Nikauweka ungo chini, nikacheka peke yangu mpaka machozi. Msimu uliofuata nilirudi kwenye ngoma, mkono nikiupandisha kwa kiasi, na bega halijatoka tena mpaka leo nina wajukuu kama wewe.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana nimesikia la kwako limetoka mara mbili kwenye mpira wa wavu, na wenzako wanalivuta wanalirudisha, mnacheka. Usimruhusu mtu alivute tena, hata awe na nia njema namna gani. Anaweza kuvunja mfupa au kuumiza mshipa wa fahamu. Likitoka, ufunge mkono ulivyo uende hospitali, na vidole vikifa ganzi usichelewe hata kidogo. Ukipewa mazoezi, yafanye hata siku usiyosikia maumivu. Ukiambiwa upasuaji, uliza maswali yako yote, usikimbie. Na mama yako mwambie leo, kabla hajaambiwa na majirani.

Mungu akulindie viungo vyako, ulime, ulee, ucheze mpaka uchoke mwenyewe kwa uzee. Haya, nyanyuka. Kiatu changu kiko wapi? Hospitali tunakwenda wote.