Leso Iliyokimbilia Chooni

Chekeni tu, hata mama alicheka kabla ya kunihurumia. Aibu hii niliipata siku ya mahari yangu, nyumbani kwetu Shauri Moyo, mbele ya wazee wa pande zote mbili, na yote kwa sababu nilikataa kunywa maji.

Wiki hiyo mkojo ulikuwa unaniunguza, naenda chooni, matone mawili, natoka, bado nahisi sijamaliza, narudi. Aliyejua ni mchumba wangu Mwendwa peke yake (naye alinisihi twende kliniki mpaka akachoka), maana niliogopa shangazi zangu watasema ni ugonjwa wa tabia mbaya. Basi nikawaza, nisipokunywa maji nitakojoa nini? Akili nyingi huondoa maarifa.

Sasa sisi Wakamba, siku hiyo wasichana hufunikwa leso gubigubi, kijana achague aliye wake, akikosea anatozwa faini. Baba, ambaye hakumwamini sana Mwendwa, alikuwa ameongeza lake: akikosea, arudi kwao, tuonane mwakani. Kwa hiyo nilikuwa naomba Mungu chini ya leso.

Mwendwa akaanza kupita mbele yetu polepole, na hapo hapo mkojo ukanibana, nikauma meno, nikabana miguu, nikaona kabisa kwamba nikingoja kidogo nitaaibika palepale kwenye benchi. Nikainuka na leso yangu kichwani, sioni mbele, nikagonga sufuria ya pilau, nikakimbilia choo cha uani tunachotumia na majirani.

Nyuma yangu nikamsikia Mwendwa, "Wangu ni yule anayekimbia."

"Umejuaje?" Baba akauliza.

"Mzee, wiki nzima anaenda hivyo. Mkojo unamuuma na hataki hospitali."

Vigelegele vikapigwa, mimi niko chooni. Nikaapa sitoki. Shangazi Mbithe, mkali kuliko wote, ndiye aliyekuja kugonga mlango.

"Toka, mwanangu. Hiyo UTI hata mimi niliugua, na tabia yangu unaijua. Kesho tunaenda upimwe."

Kliniki walipima mkojo, wakakuta kweli ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, wakanipa dawa na kunionya niimalize hata nikipata nafuu, nikaambiwa wanawake tunaambukizwa kwa urahisi kwa sababu njia yetu ya mkojo ni fupi, kwa hiyo tunywe maji ya kutosha, tusijibane, na tukijipangusa tuanzie mbele kwenda nyuma. Maji niliyoyakataa ndiyo yangenisaidia kusafisha njia hiyo.

Kuhusu Mwendwa, baba aliwaambia wazee hivi: "Anayejua mtoto wangu anaumwa wapi, mpeni."

Nilifurahi, sikatai. Lakini sitaki tena mambo yangu ya chooni yatangazwe na mwanamume mbele ya wazee. Nikiumwa nitasema mwenyewe, mapema, na kwa sauti ya chini.