Mwamba wa Shangazi

Watu wakisikia shangazi yangu alifanya kazi jeshi la majini miaka thelathini na moja, humuuliza mizinga inalia vipi. Wanamchekesha. Hata kivuko humtia kichefuchefu. Kazi yake ilikuwa ya mezani: kusahihisha ramani za bahari. Kila wiki lilikuja tangazo, fungu la mchanga limehama hapa, boya limeondolewa pale. Alichora mabadiliko kwa wino wa zambarau kwenye ramani za manowari zote tisa, kisha akaandika namba ya tangazo ukingoni. Namba ikiwepo, kazi imekwisha. Hakuna anayerudi kuangalia.

"Mizinga mbwembwe tu," alikuwa akituambia. "Anayejua chini ya maji pakoje ndiye mwenye mlango wa bahari. Wengine wanapita kwa hisani yake."

Tulimcheka, tukamwita Jemadari wa Karatasi.

Siku nne kabla ya kustaafu, alifungua nakala ya ofisi ya ramani ya mlango wa bahari zinakopita meli za mafuta. Namba ya tangazo la miaka miwili nyuma ipo, kwa mwandiko wake. Mwamba uliotajwa kwenye tangazo hilo haujachorwa. Akakumbuka: siku ile aliandika namba kwanza kwenye ramani zote ili awahi hospitali alikolazwa mumewe. Aliporudi, namba zilimdanganya mwenyewe.

Na manowari moja ilikuwa doria palepale, watu mia na ishirini ndani. Akinyamaza, anaondoka na heshima zake. Aliniambia alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini mficha uchi hazai. Akapanda ngazi hadi kwa mkuu wa kikosi.

"Nani aliyeandika hii namba?" mkuu aliuliza.

"Mimi, afande."

Mkuu akaiita manowari kwa redio. Nahodha akacheka.

"Mwamba huo tunaujua, afande. Tuliuona mwaka jana maji yamekupwa, tukauchora kwa penseli. Mama yetu yule anakaribia kustaafu, tukaona tumsitiri."

Mkuu akashusha pumzi. "Umesikia, mama? Kuteleza si kuanguka. Yaishe."

Shangazi, ambaye hakuruhusiwa hata kuigusa ile redio, alimpokonya kipaza sauti.

"Nahodha, ahsante kwa huruma. Zile manowari nane nyingine mliziambia?"

"Hapana, mama."

"Basi hamkunisitiri. Mlikuwa mnanitafutia maiti."

Onyo lilitumwa kwa manowari zote saa ileile, na akasisitiza jina lake liandikwe penye kosa. Nishani aliyoandaliwa ikabaki kabatini kwa mkuu. Yeye akapewa barua ya karipio, na sherehe ya kumuaga haikutajwa tena. Mimi niliona wamemwonea, na hadi leo naona hivyo.

Nilimuuliza kama anajuta.

"Sana, mwanangu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Najuta ile miaka miwili. Walikuwa wanapita pale, na mimi nalala usingizi mnono."